Unapopanga sherehe ya Krismasi kanisani, mhesabu na asiye na mchango



Tumo katika majira ya Majilio, zile Jumapili nne ambazo Kanisa limezitenga ili tujiandae kuadhimisha kuzaliwa kwa Bwana wetu. Kwaya zinafanya mazoezi mpaka usiku. Watoto wa shule ya Jumapili wanagombania nani awe Mariamu na nani awe malaika. Na katika chumba kidogo kando ya ofisi ya mchungaji, kamati ya sherehe imeketi. Mezani kuna daftari, kikokotoo na orodha ndefu ya majina. Huenda wewe unayesoma safu hii asubuhi ya leo ni mjumbe wa kamati hiyo. Kama ndivyo, naomba tuzungumze kidogo kabla hamjapitisha bajeti.

Ajenda yenu naijua, maana nimeikalia miaka mingi. Mchele kilo ngapi, ng'ombe mmoja au wawili, soda kreti ngapi, maturubai na viti vya kukodi, nani awe mshereheshaji, nani akae meza kuu. Halafu linakuja lile swali linaloleta ukimya: fedha zitatoka wapi, na ambaye hakuchanga itakuwaje?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike leo. Mimi niliwahi kulijibu vibaya.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya Krismasi katika usharika niliokuwa nikiabudu. Mwaka uliotangulia chakula kilikuwa kimeisha kabla ya nusu ya watu hawajala. Wazee walilaumiwa, akina mama wa jikoni walilaumiwa zaidi, na watu waliochanga fedha nyingi waliondoka na njaa. Basi nikaja kikaoni na wazo langu. Nikasema, kila atakayechanga shilingi 10,000 apewe kuponi, na mlangoni wasimame vijana wawili wa kupokea kuponi. Asiye na kuponi asiingie. Wajumbe walinipongeza. Mwenyekiti akasema, "Ndugu katibu, umetuokoa." Nami nilirudi nyumbani nimeridhika.

Siku ya sherehe kila kitu kilienda sawa. Ibada iliisha salama, watu wakapanga mstari kuelekea ukumbini, kuponi zikapokewa. Nikiwa nimekaa karibu na meza kuu na daftari langu, nikamwona mama mmoja mzee amefika mlangoni na wajukuu wake wawili. Kila mtu alimjua. Ndiye aliyekuwa akija kila Jumamosi kufagia kanisa, bila kutumwa wala kulipwa. Wajukuu walikuwa wamevaa nguo safi zilizopigwa pasi. Vijana wa mlangoni wakamwomba kuponi. Hakuwa nayo. Hakubishana nao. Aliwashika wajukuu mikono, akageuka.

Niliona yote hayo, mpendwa msomaji. Nikajiambia, bila shaka kuna mtu atamwita. Wengine nao labda walijiambia hivyo hivyo. Sikuinuka kitini.

Sherehe ilipokwisha, sufuria mbili za pilau zilikuwa zimebaki. Tukagawana wanakamati. Mimi nilipeleka nyumbani ndoo ndogo imejaa.

Usiku ule sikulala vizuri. Mwezi wa kwanza nikamwendea yule mama na kilo chache za mchele. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Nikaanza kujieleza, maneno yakanishinda. Akanionea huruma, akanisaidia kuyasema. Akaniambia hakuumia kwa sababu ya pilau. Aliumia kwa sababu njiani wajukuu walimuuliza kama wao si watu wa kanisa lile, naye alikosa jibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za karamu katika Biblia kwa jicho jingine. Karibu tusome pamoja.

Tuanze na Luka sura ya 2, sura ya Krismasi yenyewe. Mara nyingi tunasoma mpaka kwa wachungaji wa kondeo tukafunga kitabu. Endelea mpaka mstari wa 24. Siku za utakaso zilipotimia, Yusufu na Mariamu walimpeleka mtoto Yerusalemu, na sadaka iliyotajwa pale ni ndege wawili. Sasa rudi katika kitabu cha Walawi, sura ya 12. Sheria ilimtaka mama aliyejifungua atoe mwana-kondoo pamoja na ndege mmoja. Lakini iliongeza neno la rehema: asiyeweza kumpata mwana-kondoo alete ndege wawili, naye atapokewa sawasawa na yule mwingine.

Umeelewa maana yake? Mama wa Bwana wetu alikwenda hekaluni na mchango wa watu wasio na uwezo. Hakufikia kile kiwango kikubwa. Na hekalu halikumzuia mlangoni. Lakini kwa utaratibu wangu wa kuponi, Mariamu na mwanawe wangerudi nyumbani na wale wajukuu wawili, huku sisi ndani tukiimba nyimbo za kumsifu huyo mtoto.

Kisha soma Luka 14, kuanzia mstari wa 12. Yesu amealikwa chakula nyumbani kwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo. Anamgeukia mwenyeji wake na kumshauri kwamba siku nyingine asianze na rafiki, ndugu na majirani matajiri, watu ambao nao watamwalika kesho. Aanze na maskini, viwete na vipofu, ambao hawana cha kumrudishia, maana malipo yake Mungu mwenyewe anayo. Tazama, Bwana hakukataza karamu. Alishughulika na orodha ya walioalikwa.

Hata Kanisa la kwanza lilijikwaa hapa hapa. Wakristo wa Korintho walipokutana kula pamoja, wenye nacho walitangulia kula na kunywa mpaka wakalewa, na wasio na kitu wakabaki na njaa chini ya paa lile lile. Mtume Paulo hakuliita jambo hilo tatizo la upishi. Katika 1 Wakorintho 11 aliwaambia wazi kwamba kula kwa namna hiyo ni kulidharau Kanisa la Mungu na kuwatia aibu wasio na kitu. Kule Yerusalemu nako, Matendo sura ya 6, wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume waliona jambo hilo ni zito, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wausimamie mgawo huo. Kwa hiyo, ndugu mjumbe wa kamati ya chakula, usiione kazi yako kuwa ndogo. Waliokutangulia waliwekewa mikono na mitume.

Historia ya Kanisa nayo ina mfano mzuri. Mwaka 1223, Fransisko wa Asizi aliandaa Krismasi katika kijiji cha Greccio, Italia. Aliomba hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, ili wanakijiji waone kwa macho jinsi Mwokozi alivyozaliwa katika uhitaji. Waliomwandikia habari zake wanasema alitamani siku hiyo matajiri wawashibishe maskini, na hata ng'ombe na punda waongezewe chakula. Leo pango la Krismasi limejengwa katika makanisa mengi duniani. Tujiulize kama yale mengine aliyoyatamani nayo tumeyachukua.

Sasa utasema, "Mwandishi, maneno yako ni mazuri, lakini chakula kikiisha tutalaumiwa sisi." Ni kweli. Upendo usiopigiwa hesabu huishia kwenye aibu mlangoni, kama mwaka ule wa kwanza kwetu. Basi tupige hesabu, lakini tuanzie mahali pengine. Hesabuni kwanza watu, kisha fedha. Usharika wenye watu 300 utahitaji mchele kilo 50 hivi, ukikadiria kilo moja kwa watu sita. Kreti moja ya soda ina chupa 24, kwa hiyo zinatakiwa kreti 13. Bei ya nyama mnaijua. Mkiona fedha hazifikii, punguzeni vitu na watu wabaki wote. Maua ya meza kuu yanaweza kuachwa. Muziki wa kukodi unaweza kuachwa, kwaya ipo. Nyama ikatwe vipande vidogo, maharage yaongezwe. Sijawahi kusikia mtu aliyeacha kanisa kwa sababu ya nyama ndogo. Waliouacha ushirika kwa kuaibishwa ninawafahamu.

Michango ichangwe kwa bahasha isiyo na jina, au kila mtu alete alicho nacho. Mwenye shamba alete ndizi, mwenye kuku alete kuku, mwenye nguvu apasue kuni. Yule anayefagia kanisa amekwisha kuchanga. Halafu, baada ya sikukuu, someni mapato na matumizi mbele ya washarika wote. Paulo mwenyewe, alipokuwa akisafirisha sadaka ya makanisa, alihakikisha kazi hiyo inafanywa wazi, asije mtu akamlaumu (2 Wakorintho 8:20-21).

Chagueni siku kwa kuwafikiria watu wenu. Ukiwa Dar es Salaam, unajua tarehe 25 nusu ya viti vitakuwa vitupu, maana ndugu zetu wa Kilimanjaro wamekwisha kupanda mabasi kwenda nyumbani. Ukiwa Marangu au Machame, ni kinyume chake: kanisa litafurika, watu watasimama hadi nje, na sufuria lazima ziongezwe. Makanisa mengine ya mjini hula pamoja Jumapili inayotangulia Krismasi, mengine hungoja tarehe 26. Hakuna dhambi katika kuchagua siku. Tarehe yenyewe ya 25 Desemba inaonekana katika kumbukumbu za Kanisa la Roma za mwaka 336. Injili haikututajia siku.

Wakumbukeni majirani. Kwetu ni desturi njema kumwita jirani Mwislamu achinje, ili mtaa mzima ule bila wasiwasi. Wao wametuletea pilau siku ya Idi, nasi tusiwafungie lango siku ya Krismasi.

Wakumbukeni akina mama wa jikoni. Wao huamka saa tisa usiku kuwasha moto, na mara nyingi ibada ya Krismasi huwapita wakigeuza mwiko. Pangeni zamu. Wanaume nao wanajua kuchochea kuni. Mtu anayewapikia watu wa Mungu asikose kusikia habari njema iliyoletwa kwa ajili yake.

Na wakumbukeni wasioweza kuja. Nehemia sura ya 8 inasimulia jinsi watu walivyolia waliposomewa torati. Viongozi wao waliwaambia waache kulia, waende wakale vizuri na kunywa, na wawapelekee sehemu ya chakula wale ambao hawakuandaliwa chochote. Fanyeni hivyo. Kabla meza kuu haijapakuliwa, jazeni vyombo vya wagonjwa, wazee wasiotembea, mlinzi wa zamu na mama aliyejifungua juzi. Wawapelekee vijana wenu, wale wale ambao mngewasimamisha mlangoni kupokea kuponi.

Utataka kujua kwetu iliishaje. Mwaka uliofuata niliomba radhi mbele ya kamati, kuponi zikafutwa. Siwezi kukudanganya kwamba mikate iliongezeka. Soda zilipungua, tukawapa watoto kwanza na watu wazima wengi wakanywa maji. Mzee mmoja alinung'unika, nadhani ananung'unika mpaka leo. Hakuna sufuria iliyobaki na chakula, na hakuna mwanakamati aliyekwenda nyumbani na ndoo. Yule mama alikuja na wajukuu wake. Alikaa kiti cha mstari wa pili, akala taratibu, akaomba ukoko awaongezee watoto.

Mpendwa msomaji, jioni ya leo au kesho kamati yako itakutana. Wakati daftari linafunguliwa, omba nafasi ya kuuliza swali moja: ni nani katika kanisa letu ambaye, kwa utaratibu huu tuliouandika, atarudi nyumbani bila kula? Mkimpata jina lake, andikeni jina hilo la kwanza kwenye orodha ya wageni. Kisha endeleeni na hesabu zenu.

Bwana Yesu, wewe uliyelazwa horini kwa kukosa nafasi, utusamehe milango tuliyoifunga, na utusaidie kukuachia nafasi mwaka huu. Amina.

Nakutakia Jumapili njema na maandalizi mema ya Krismasi. Mungu akubariki.