Je, Tabibu Wako Amefundishwa?

Akina mama wenzangu, huku kwetu Mara wengi wetu hatuna daktari wa familia. Daktari wetu ni tabibu wa kituo cha afya na muuguzi mkunga wa zahanati. Hao ndio anaowakimbilia mama wa Butiama au Bunda vijijini, mimba inapoharibika usiku na damu haikatiki. Kama hawakufundishwa, ataandikiwa rufaa ya Musoma, na damu haingoji basi.

Zamani kizazi kilisafishwa kwa kukwanguliwa, mara nyingi mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Siku hizi, mimba ikiwa changa, mabaki hunyonywa kwa pampu ndogo ya mkono. Haitaki umeme, wala dawa ya usingizi. Dawa za kutuliza maumivu zatosha. Shirika la Afya Duniani lapendekeza njia hii badala ya kukwangua, na tabibu au mkunga aliyefundishwa aiweza vizuri.

Lakini mafunzo yasiishie kwenye pampu. Baada ya mimba kuharibika, mama aweza kushika nyingine kabla ya wiki 2 kwisha, hata hajaona siku zake. Wengi hawalijui hili, na waume zao ndio kabisa! Kwa hiyo aelezwe uzazi wa mpango kabla hajaondoka, na akipenda apewe hapo hapo: vidonge, sindano ya miezi 3, kijiti, au kitanzi kama hana maambukizo. Kumwambia arudi kliniki Jumatatu ni kumpoteza. Wala asilazimishwe, yuko anayelia kwa kumtaka mtoto huyo.

Nalijua swali linalonong'onwa baada ya ibada: je, hakuitoa mwenyewe? Sheria yetu inakataza kutoa mimba, ila kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu humlinda anayempasua mama kwa nia njema ili kuokoa maisha yake. Kumtibu anayevuja damu si kosa, hata kama mimba haikutoka yenyewe. Huko Cairo mwaka 1994 mataifa yalikubaliana kwamba mwanamke wa namna hiyo apate tiba nzuri kwa vyovyote. Mimi hupima presha kwanza; maswali hayo si kazi yangu.

Pedi 2 zikilowa kwa saa moja, au kukiwa na homa na uchafu unaonuka, msingoje asubuhi. Na mkipeleka watoto kliniki, ulizeni: hapa nani amefundishwa kazi hii, na akiwa likizo yupo nani?