Mdogo Akiona Kosa la Mkubwa



Katika kilima cha Rebero, wilayani Kicukiro, wamezikwa wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa sababu waliipinga siasa ya mauaji. Kila tarehe 13 Aprili Taifa huwakumbuka mahali hapo. Walisema wakati ambapo kusema kulikuwa hatari. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo la kila siku, lisilo na uzito huo, ila nalo huondoa roho za watu: ukimya wa mtumishi mdogo anayemwona mkubwa wake akikosea.

Jeshini mkubwa huamuru na mdogo hutii. Hospitali, ijapokuwa haina kwata, nayo ina ngazi zake, kuanzia daktari bingwa hadi mhudumu anayesafisha sakafu. Je, muuguzi kijana akiona kwamba mgonjwa yu karibu kupasuliwa mguu ulio mzima, atamzuia bingwa, au atahofu kukaripiwa mbele ya watu?

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye mambo 19. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, nchini Tanzania. Orodha hiyo husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Kabla ya kisu, kila aliyemo hutaja jina lake na kazi yake. Kwa mtu wa kawaida hilo ni jambo dogo, pengine la kuchekesha. Lakini yule ambaye ameisikia sauti yake mwenyewe mara moja mbele ya wakubwa haoni taabu kuitoa mara ya pili. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo katika hospitali hizo vilipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa mia, na madhara makubwa baada ya upasuaji yakashuka kutoka 11 hadi 7.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba karatasi ndiyo dawa. Katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, hospitali ziliagizwa zote kuitumia orodha hiyo. Uchunguzi wa hospitali 101 uliotolewa mwaka 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha kutajika. Mabishano juu ya sababu yalikuwa mengi. Sisi tunaafikiana na wale wanaosema kwamba karatasi iliyojazwa kwa kutimiza amri si sawa na watu waliokubali kusikilizana. Kila kamanda aliyewahi kupokea taarifa iliyoandikwa ili kumridhisha analijua jambo hili vizuri.

Mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alikutana na ajabu ya namna hiyo katika miaka ya 1990. Alitarajia kwamba vikundi vya wauguzi vinavyofanya kazi vizuri vingekuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta vimeandikisha makosa mengi zaidi! Alipochunguza, aliona kwamba tofauti ilikuwa katika kusema: kwenye vikundi hivyo kosa lilitajwa upesi na kurekebishwa, na kwingineko lilifichwa kwa hofu ya kiongozi.

Nchini Rwanda ngazi ya mwisho ya utumishi wa afya imo kijijini, kwa washauri wa afya, katika mpango ulioanza mwaka 1995. Huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, wanawake kwa wanaume. Mshauri hupima malaria na kutoa dawa, na mgonjwa aliyezidiwa humpeleka kituo cha afya. Si daktari, lakini ndiye aliyeuona ugonjwa kwanza; akipuuzwa mlangoni, habari hiyo ya kwanza imepotea.

Tarehe 27 Septemba 2024 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa nchini. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wameugua na 15 wamekufa, na wengi wa wagonjwa walikuwa watumishi wa afya. Katika maradhi ya aina hiyo saa ya hatari kubwa ni ya kuvua mavazi ya kinga, mwili ukiwa umechoka na glavu zimechafuka. Kwa hiyo kanuni haimruhusu mtu kuvua peke yake. Mwenzake husimama kando, humtazama na kumwelekeza hatua kwa hatua. Akimwambia asimame, husimama. Huyo anayetazama aweza kuwa muuguzi wa miaka 23, na anayevua akawa bingwa aliyemfundisha kazi. Hapo bingwa hungoja, mikono ameiweka mbali na uso wake, mpaka kijana amwambie aendelee.