Batobato, Adui wa Muhogo Wetu

Mvua za kwanza zinapoanguka Lubumbashi, akina mama wengi huchukua majembe na kwenda mashambani kandokando ya mji. Wengi hupanda mahindi, lakini penye mahindi hukosi kuona na muhogo. Mti huo hutupa riziki mara mbili: mizizi ya kutia katika unga wa bukari, na majani ya sombe. Basi muhogo ukiugua, chungu cha unga na chungu cha mboga vyote viwili hupungukiwa.

Na kweli waugua. Jani zima lina rangi moja ya kijani. Jani gonjwa lina mabaka ya manjano, tena limejikunja na kudumaa. Ugonjwa huo huitwa batobato. Mkulima akichimba chini ya mti wa namna hiyo, mara nyingi hukuta mizizi myembamba kama vidole. Hapo mmoja husema udongo umechoka. Mwingine humtazama jirani kwa jicho baya, akidhani ameliroga shamba. La hasha! Mwenye kosa ni virusi, kitu kidogo mno kisichoonekana kwa macho.

Virusi hivyo vina njia mbili za kusafiri. Kwanza, huchukuliwa na inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani na kunyonya utomvu. Pili, twavichukua sisi wenyewe. Muhogo haupandwi kwa mbegu, hupandwa kwa vipande vya mti. Na kipande ni mwili uleule wa mti kilikokatwa. Mama akimpa jirani yake fungu la miti kwa moyo mwema, naye mti wake u mgonjwa, amempa na ugonjwa pia.

Adui huyu si wa jana. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Mwaka 1894 Mjerumani Warburg aliandika habari za batobato katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Baadaye, katika miaka ya 1930, wataalamu wa kituo cha Amani, milimani Usambara, wakiongozwa na Bwana Storey, walianza kutafuta muhogo wenye nguvu ya kushindana nao. Walijaribu mihogo ya nchi nyingi, wasipate iliyotosha. Ndipo walipouoza muhogo kwa ndugu yake wa mbali, yule mti wa mpira uitwao Ceara. Watoto wa kwanza walistahimili ugonjwa, lakini mizizi yao haikufaa kuliwa. Ikabidi kuwaoza tena na tena kwa muhogo wa kawaida, na kila mara kuchagua wachache walio bora. Kazi hiyo ilidumu miaka mingi.

Juhudi hiyo haikupotea. Uzao wa Amani ulifika Nigeria, na katika miaka ya 1970 wataalamu wa taasisi ya IITA, iliyoanzishwa Ibadan mwaka 1967, walitoa kwake aina nyingi za muhogo zilizoenea Afrika. Kwetu Congo, mpango wa taifa wa muhogo ulianzishwa mwaka 1974 huko Mvuazi. Haja yake ilionekana wazi katika miaka ya 1990, wakati batobato kali, iliyotokana na virusi viwili kuchanganyika, ilipoharibu mashamba ya Uganda na kuwatia watu njaani, kisha ikavuka mipaka hata kufika kwetu.

Si virusi tu vinavyoshambulia mimea. Mwaka 1967 wataalamu wa Japani waligundua vijidudu vingine, ambavyo leo huitwa fitoplasma: ni jamaa wa bakteria, ila havina ukuta wa kuvizunguka, navyo huishi katika mishipa ya utomvu. Hivyo ndivyo viuavyo minazi ya pwani ya Tanzania. Huko nako walipanda minazi ya kigeni ili kuijaribu, na mingi ikafa. Hapo twajifunza kwamba mti ulio hodari kwa wengine huenda usiwe hodari kwetu, mpaka ujaribiwe katika udongo wetu, mbele ya adui wetu.

Tena ushindi mmoja haumalizi vita. Uko ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ulioandikwa huko Amani mwaka 1936, nao umeonekana mashariki mwa Congo. Huu huozesha mzizi ndani kwa ndani, hali majani yaweza kuonekana mazuri. Aina iliyoshinda batobato yaweza kushindwa na michirizi hiyo. Ndiyo sababu wafugaji wa mimea hawawezi kupumzika.

Na sisi, tufanye nini? Tusingoje siku ya kupanda ndipo tuchague miti. Mvua zinapokaribia kwisha, majani yakali yapo, tupite shambani, tuifunge kamba miti isiyo na baka lolote, nayo peke yake ndiyo tuikate wakati wa kupanda. Miche ikichipua na mabaka, tuing'oe mapema na kuitoa shambani. Shamba jipya tusiliweke karibu na la zamani lililougua. Tena tuwaulize mabwana shamba ni aina gani iliyojaribiwa hapa Katanga.

Mwisho, tusiache desturi yetu njema ya kugawiana miti ya kupanda, kwa maana bila hiyo wengi hawangekuwa na shamba. Ila kabla ya kufunga lile fungu, tutazame jani kwanza. Kumpa jirani mti mzima ni kumpa chakula cha mwaka mzima. Kumpa mgonjwa ni kumpa kazi bure.