Damu Haina Rangi Mbili: Waliovunja Kuta za Ubaguzi Hospitalini na Shuleni



Swali la mwezi huu limetoka kwa mzazi wa Sindeni. Mtoto wake amepimwa na kuonekana ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita siko seli. Anauliza: “Nimeambiwa huu ni ugonjwa wa watu weusi. Je, ni kweli kwamba sisi Waafrika tuliumbwa na damu dhaifu kuliko watu wengine?”

Swali hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kitabibu, na jibu lake ni fupi. Ya pili ni ya historia, nayo ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu wazo kwamba ubora wa binadamu hupimwa kwa rangi yake lilipata kuendesha hospitali na shule za nchi hii. Tuanze na ya kwanza.

DAMU HAIFUATI RANGI

Tangu mwaka 1901, kwa kazi ya daktari Karl Landsteiner wa Austria, inajulikana kwamba damu ya binadamu ina makundi. Leo tunayaita A, B, AB na O. Makundi hayo yako kwa Waafrika, Wazungu, Wahindi na Waarabu. Mzigua wa kundi B anaweza kulingana damu na Mwingereza wa kundi B, na asilingane na ndugu yake wa tumbo moja. Ndiyo maana kabla ya kumwongezea mgonjwa damu tunapima kundi na kulinganisha damu. Hatuangalii ngozi.

Na selimundu? Ugonjwa huu hufuata njia ya malaria. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo chembe hiyo ilienea mahali ambapo malaria imekaa karne nyingi: mabonde na nyanda za chini kama zetu za Korogwe na Handeni, Pwani, na kandokando ya Ziwa Victoria. Lakini iko pia Ugiriki, Saudi Arabia na India. Basi ni alama ya malaria, si alama ya rangi.

Ugonjwa wenyewe humpata mtoto anayerithi chembe hiyo kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa nayo bila kuugua, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Hakuna wa kulaumiwa, wala hakuna aliyerogwa. Mtoto mdogo akivimba vidole vya mikono na miguu, akilia kwa maumivu ya mifupa, akiwa na macho ya njano au akiishiwa damu mara kwa mara, mpelekeni hospitali apimwe. Akihudhuria kliniki, akilala ndani ya chandarua, akinywa maji ya kutosha na kupata dawa anazoandikiwa, anaweza kukua, kusoma na kufanya kazi.

Sasa tuje kwenye sehemu ya pili.

WODI TATU, SHULE TATU

Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Korogwe wanaelewa jambo hili bila kufundishwa. Meneja Mzungu alikuwa na nyumba yake mahali penye upepo, karani wa Kihindi na yake, na manamba waliishi kambini, watu wengi katika chumba kimoja. Ugonjwa ulifuata mpangilio huohuo. Kifua kikuu na kuhara haviulizi rangi, lakini hupenda msongamano na maji machafu, na hayo waligawiwa Waafrika.

Hospitali nazo ziligawanywa. Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wajerumani ilikuwa ya Wazungu, na ikabaki hivyo wakati wa Waingereza. Waafrika walitibiwa katika hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la mfanyabiashara wa Kihindi aliyetoa fedha zake ijengwe. Shule zilikuwa za mifumo mitatu: ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, kila mmoja na majengo yake na fedha zake. Mtoto wa Kiafrika alipata kidogo kuliko wote, na wengi hawakupata kabisa.

Hata mshahara ulipimwa kwa rangi. Mwaka 1948 tume iliyochunguza utumishi wa serikali katika Afrika Mashariki ilikubali kwamba mtu asiye Mzungu, hata akiwa na elimu ileile na kazi ileile, alipwe sehemu 3 kati ya 5 za mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo ilidumu mpaka tume nyingine ilipopendekeza iondolewe mwaka 1954. Daktari Mwafrika aliweza kukesha zamu sawa na mwenzake, kisha mwisho wa mwezi akaambiwa kwamba jasho lake lina thamani pungufu.

Jambo hili halikuwa la kwetu peke yetu. Huko Marekani, daktari mweusi Charles Drew alikuwa bingwa wa kuhifadhi damu, na mwaka 1940 alisimamia mpango wa kupeleka damu Uingereza kuwaokoa majeruhi wa vita. Lakini katika nchi yake mwenyewe damu ya watu weusi ilitengwa na damu ya weupe. Drew alipinga hadharani, akasema sayansi haina msingi wa jambo hilo. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliacha kutenga damu mwaka 1950, mwaka uleule Drew alipofariki.

WALIOSIMAMA

Hapa kwetu, miongoni mwa waliosimama mapema walikuwa waganga na walimu, watu walioona madhara hayo kila siku kazini.

Dokta Vedasto Kyaruzi, mwenyeji wa Bukoba, alisomea udaktari Makerere. Mwaka 1950, akiwa daktari Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, naye Abdulwahid Sykes akawa Katibu. Katika uongozi wao chama kilimwandikia Gavana maoni kuhusu katiba ya nchi, kikidai Waafrika wapate sauti katika utawala wao. Haukupita muda mrefu Kyaruzi akahamishiwa hospitali ya gereza la Kingolwira, Morogoro, na baadaye Nzega. Wenzake waliona wazi kwamba nia ilikuwa kumweka mbali na siasa. Huko nako aliendelea kutibu wagonjwa, na nchi ilipopata Uhuru alitumwa kuiwakilisha Umoja wa Mataifa. Baada yake kazi hiyo ilishikwa na Erasto Mang'enya, mwalimu kutoka upande wetu huu wa Tanga, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 1973 hadi 1975.

Kwa sisi wauguzi, jina la Lucy Lameck lina uzito wa pekee. Alizaliwa Moshi mwaka 1934, akasomea uuguzi, lakini hakukubali kutumika chini ya mfumo wa kikoloni. Akaenda kufanya kazi katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha KNCU, akaingia TANU, akasoma Uingereza na Marekani. Mwaka 1960 aliingia Bungeni. Baadaye, kati ya 1967 na 1972, alikuwa Naibu Waziri wa Afya. Msichana aliyeikataa hospitali ya ubaguzi alirudi kuzisimamia hospitali za watu wote.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha katika shule ya Wakatoliki ya Pugu, alichaguliwa kuongoza TAA mwaka 1953, na TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1958, mjini Tabora, TANU ilikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Wapo waliokasirika wakaondoka chamani. Lakini TANU iliunga mkono wagombea wa rangi zote waliokubali usawa, nayo ikashinda. Mpango wa wakoloni wa kugawa watu kwa rangi ukawa njia ya kuwaunganisha.

Na ushindi ulipokaribia, Mwalimu hakuugeuza kuwa kisasi. Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa watu weusi tu. Alisimama akakataa kwa ukali uraia kupimwa kwa rangi, na sheria ikapita bila ubaguzi huo. Daktari Leader Stirling, Mwingereza aliyetibu watu wa kusini miaka mingi katika hospitali za misheni, alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980.

Kanisa nalo lilikuwa na ukuta wake wa kuvuka. Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, aliwekwa wakfu kuwa Askofu mwaka 1939, na Laurean Rugambwa akafanywa Kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza katika nyakati zetu.

KAZI BAADA YA UHURU

Tarehe 1 Januari 1962 mifumo mitatu ya shule iliunganishwa kuwa mmoja. Lakini kufungua mlango ni jambo moja, na kuwa na watu wa kuhudumia ni jambo jingine. Mwalimu alizoea kukumbusha kwamba wakati wa Uhuru nchi ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Hayo ndiyo matunda ya kunyima watu elimu: mtoto anayefungiwa shule leo ni daktari anayekosekana miaka ishirini ijayo. Ndiyo maana mwaka 1963 ilianzishwa shule ya udaktari Dar es Salaam, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Muhimbili. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, nguvu zilielekezwa vijijini, zikajengwa zahanati na vituo vya afya.

MABAKI YALIYO MIONGONI MWETU

Ndugu zangu, ukuta wa rangi ulivunjwa, lakini matofali yake mengine tumeyabeba wenyewe.

Kwanza, mkorogo. Dada anayejichubua ameamini maneno yaleyale ya zamani, kwamba ngozi nyeusi ni kasoro. Krimu hizo nyingi zina zebaki, ambayo huharibu figo na humdhuru mtoto tumboni. Nyingine zina haidrokwinoni au dawa za steroidi, ambazo huacha mabaka au kuifanya ngozi iwe nyembamba, na jeraha lisipone upesi.

Pili, watu wenye ualbino. Hao wanabaguliwa kwa rangi na sisi wenyewe. Wazazi, mpeni mtoto huyo kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, na mwalimu amkalishe karibu na ubao kwa sababu macho yake hayaoni mbali.

Tatu, jirani zetu wa Chogo, hapa Handeni. Babu zao walikuwa watu wa pande zetu, wakachukuliwa utumwani Somalia katika karne ya 19. Huko walidharauliwa kwa nywele na sura zao, lakini Kizigua hawakukitupa. Vita vya 1991 viliwafukuza, na baadhi yao walirudi mpaka Tanga. Serikali iliwapa makazi Chogo, na wengi wao wakapata uraia. Itakuwa aibu wakidharauliwa Somalia kwa kuwa Wazigua, kisha wadharauliwe Uziguani kwa kuwa Wasomali.

Nne, madirishani kwetu. Tangu 1993 hospitali za serikali zilipoanza kutoza ada, mwenye kiraka huogopa dirisha la hospitali kama babu yake alivyoogopa wodi ya Wazungu. Jueni kwamba kwa sera ya serikali wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wasio na uwezo wanastahili msamaha. Ulizeni bila woga. Nasi wauguzi tukumbuke kwamba mama anayefokewa kliniki leo atajifungulia nyumbani kesho, na akitokwa na damu nyingi hapatakuwa na wa kumsaidia.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mtoto wako hana damu dhaifu ya watu weusi. Ana ugonjwa unaojulikana na unaotunzika. Usimfiche wala usimtoe shule. Mlete kliniki kila tarehe aliyopangiwa, na siku nyingine yeyote katika familia akiwa mzima, aje achangie damu. Mtoto wa mwenzio anaisubiri, nasi hatutamuuliza ametoka kwa nani.