Rekodi zetu kwenye seva: heri kungoja kuliko kupoteza

Ukirekodi Kilega au Mashi kwa sampuli 48 000 kwa sekunde, biti 24, chaneli mbili, saa moja ya mazungumzo inafikia takriban gigabaiti 1. Kompyuta ya mwanafunzi inajaa upesi. Ndiyo maana tunahifadhi rekodi kwenye seva na kuzifikia kwa mtandao. Kwenye Linux njia iliyozoeleka ni NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems miaka ya 1980. Folda ya seva inapachikwa kwenye kompyuta yako, nayo inaonekana kama iko humo ndani. Hatari iko hapo hapo: programu unayotumia haijui kwamba diski iko mbali.

Umeme ukikatika na seva ikanyamaza, kompyuta yako ifanye nini? Kwa chaguo la "hard", inangoja na kujaribu tena bila kikomo. Programu inaganda, lakini seva ikirudi, uandishi unaendelea. Kwa "soft", baada ya majaribio machache inakata tamaa na kuirudishia programu kosa. Wengi wanaipenda kwa kuwa haigandishi. Shida ni kwamba programu nyingine hazishughulikii kosa hilo: zinaendelea kana kwamba yote yameandikwa, na faili linabaki na pengo. Faili la WAV lenye pengo linaweza kufunguka vizuri tu. Utagundua siku unapotafuta toni ya kitenzi, ukute kimya.

Kwa hiyo nashauri folda ya kuandikia ipachikwe kwa "hard", ambayo Linux huitumia usipochagua kitu. "Soft" ibaki kwa folda za kusoma tu.

Seva nayo iangaliwe. Ikiwekwa "async", inajibu kwamba imepokea kabla data haijafika diskini. Umeme ukikatika wakati huo, data inapotea na hakuna anayeambiwa. "Sync" ni ya polepole, ila jibu lake ni la kweli.

Mwisho, usifute kadi ya kinasa sauti kabla ya kulinganisha faili zote mbili kwa sha256sum. Ile ya seva ihesabiwe kwenye seva yenyewe, maana kompyuta yako inaweza kukusomea nakala iliyo bado katika kumbukumbu yake. Zikilingana, weka nakala nyingine mahali tofauti. Faili la sarufi tunaweza kuliandika upya. Sauti ya mzee aliyekwisha kufariki, hapana.