Kazi ya Mtafuta Habari

Chombo kikizama mlangoni mwa mto Ruvuma, habari hufika Msimbati, kisha hufika Mtwara sokoni, na kila kinywa huiongeza. Mmoja asema wamekufa watatu, wa pili asema kumi, na wa tatu amlaumu nahodha kwa ulevi, ijapokuwa hajapata kumwona. Mwandishi wa gazeti aliye hodari hauandiki uvumi huo. Huenda mwenyewe hata pwani, akawauliza waliookoka, akamtafuta nahodha naye ajitetee. Kisha hutaka kujua kama chombo kilipakiwa kupita kiasi, na ni nani aliyekiruhusu kuondoka. Swali hili la mwisho ndilo gumu, kwa maana yuko mtu asiyependa lijibiwe.

Mmoja wa watu wa kazi hii ni Azory Gwanda. Alikaa Kibiti, mji ulio katika njia ya kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, ukiisha kuvuka mto Rufiji. Hakuwa mwajiriwa, alikuwa mwandishi wa kujitegemea, apelekaye habari zake kwa gazeti la Mwananchi. Katika miaka ya 2016 na 2017 watu wengi waliuawa katika nchi ile: askari polisi, viongozi wa vijiji na wa chama. Tarehe 13 Aprili 2017 peke yake waliuawa polisi 8. Wauaji waliitwa tu “watu wasiojulikana,” na wenyeji walinena kwa kunong’ona. Azory aliziandika habari hizo. Mwandishi atokaye mbali huuliza, kisha hurudi kwao. Azory alilala papo hapo, pamoja na mkewe.

Basi tarehe 21 Novemba 2017 watu waliokuja kwa gari jeupe walimchukua mjini, wakaenda naye hata shambani alikokuwa mkewe, ambaye alikuwa mja mzito. Azory akamwuliza ulipo ufunguo wa nyumba, akamwambia ya kuwa ana safari ya haraka, na asiporudi siku ile atarudi kesho yake. Mkewe aliporejea nyumbani alikuta vitu vimepekuliwa. Azory hakuonekana tena.

Mwezi wa Julai 2019, Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, alipoulizwa na BBC, alinena kana kwamba Azory amekufa. Baadaye akasema maneno yake hayakufahamika vema. Waandishi wenziwe hawakuacha kuuliza.