UZI: Nani huwateua wanaoamua rufaa za mazingira?

1/ Mradi mkubwa ukitajwa huku Tana River, mjadala Garsen huishia hapa: "NEMA washatoa leseni, basi imeisha." Haijaisha, jamani. Kuna Jopo la Kitaifa la Mazingira, liliundwa na sheria ya 1999. Una siku 60 za kukata rufaa.

2/ Jirani zetu wa Lamu walikata. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ilitolewa 2016. Juni 2019 jopo likaifuta: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

3/ Sasa, nani hukaa pale? Mwenyekiti hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, na lazima awe na sifa za kuwa jaji. Chama cha Mawakili hupendekeza wakili mmoja. Waliobaki huteuliwa na waziri. Majina yote hutoka kwenye Gazeti Rasmi.

4/ Mjumbe mwenye maslahi kwenye kesi haisikilizi. Asiyeridhika na uamuzi huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

5/ Nasomea siasa, na naona tunabishana pasipo pake: "waziri ni wa upande gani?" Uliza hivi: muda wa wajumbe unaisha lini? Ukiisha na wengine wasiteuliwe, akidi haitimii, kesi zinalala. Hakuna hongo wala kelele, lakini mfugaji na mkulima wa delta wanangoja tu.

6/ Mgombea akija Garsen kuahidi kulinda mto, muulize: viti vya jopo vimejaa?